Pesa ya msaada ni kidogo, ianzie wapi? Ulinganisho kwa wenye wafanyakazi Nairobi

Tuseme una wafanyakazi 60. Inaweza kuwa karakana ya samani Gikomba, kiwanda kidogo cha kufungasha bidhaa Industrial Area, shule ya kibinafsi Umoja au duka la jumla Kamukunji. Ugonjwa mpya umeingia mjini, wateja wamepungua, na mhasibu amekwambia kwamba ukishalipa mishahara na kodi zinabaki shilingi 150,000 kwa mwezi za kuwasaidia watu wako. Utaziweka wapi? Watakuja wauzaji wa vipimajoto, wa laini za simu za ushauri nasaha, wa mabasi ya kukodi, wa dawa za kunyunyizia milango, na kila mmoja atakuonyesha kwamba chake ndicho cha kwanza.

Mimi nilikuwa afisa wa maslahi ya wafanyakazi katika kiwanda kimoja kando ya barabara ya Lunga Lunga mwaka wote wa 2020, kisha nikahamia ofisi moja ya Upper Hill ambako kila mtu ana kompyuta yake. Nimeona janga lile lile likiwapata watu wa mashine na watu wa meza, na nimeona pesa ya msaada ikitumika vizuri na ikipotea bure. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua: kabla ya kitu kingine chochote, mlipe mgonjwa akae nyumbani. Yaliyobaki tuyapime moja kwa moja.

Usidhani haya yamepitwa na wakati. Kisa cha kwanza cha korona Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na Shirika la Afya Duniani, WHO, halikuondoa hali ya dharura hadi Mei 2023. Mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye, Agosti 2024, WHO ilitangaza dharura nyingine, mara hii ya mpox, wakati Kenya ilikuwa imeshapata mgonjwa wake wa kwanza kule Taita Taveta. Mipango ya namna hii hupangwa vizuri watu wakiwa wametulia.

Kumpima langoni au kumlipa akae nyumbani

Aprili 2020, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, nilikuwa langoni na daftari. Soja alikuwa na kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso. Amri ya ofisi ilikuwa fupi: mwenye joto arudi kwao, na siku hiyo hailipwi. Kwenye foleni alikuwepo mama mmoja wa kufungasha, tuliyemwita Mama Shiro, aliyepita miaka hamsini. Alikohoa akageukia ukuta, akajifunika na leso.

"Mama, uko sawa?" nikamuuliza.

"Mwanangu, hili ni vumbi la katoni tu. Niandike niingie."

Kipimajoto kilisoma 36.4. Nikamwandika. Baadaye mwenye kibanda cha chai mkabala na lango aliniambia kwamba Mama Shiro alikuwa amepitia pale akaomba maji ya kumezea Panadol mbili, na kwamba hakuwa peke yake. Asubuhi zile vikombe vya maji vilikuwa vikitoka kuliko vya chai. Siku nne baadaye wenzake wawili wa meza moja walikuwa wamelala kitandani.

Sikumlaumu siku ile na simlaumu leo. Alikuwa kibarua wa shilingi 700 kwa siku, amepanga chumba Mukuru kwa Njenga, na wajukuu wawili walikuwa nyumbani mchana kutwa kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Sisi ndio tuliomfundisha kuficha. Tuliweka kipimo, kisha tukaweka adhabu ya kukutwa na ugonjwa.

Kwa hiyo unapolinganisha, usilinganishe bei ya kipimajoto na bei ya siku za mgonjwa kana kwamba ni vitu viwili vinavyofanya kazi moja. Kipimajoto bila malipo kinamwambia mfanyakazi ameze dawa kwanza. Malipo bila kipimajoto yanamfanya apige simu akiwa bado nyumbani. Ukiweza vyote, vyema. Ukiweza kimoja, chukua malipo. Kuhusu vile vibanda vya kunyunyizia watu dawa vilivyosimikwa kwenye malango mengi ya jiji mwaka ule, sitasema mengi: Mei 2020 WHO ilieleza kwamba kumnyunyizia mtu dawa ya kuua vijidudu hakupendekezwi kwa hali yoyote. Kama bado unacho, kitoe.

Sasa, kulipa kiasi gani? Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni kufuata sheria tu. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi kumi na miwili, akileta barua ya daktari. Hiyo ndiyo sakafu. Ina mapengo matatu ambayo janga huyapanua. Aliye mgeni kazini hana kitu. Aliyekaa karibu na mgonjwa lakini yeye mwenyewe hajaugua, akaambiwa ajitenge siku 14, si mgonjwa machoni pa kifungu hicho. Na barua ya daktari inamlazimisha mtu mwenye homa kupanda matatu na kupanga foleni kliniki ili apate karatasi ya kukuthibitishia kwamba hakupaswa kutoka nyumbani.

Hapa kuna jambo ambalo waajiri wengi hawalijui au hujifanya hawalijui. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo hadi ikatimia mwezi mmoja hahesabiwi tena kibarua wa siku. Na akipitisha miezi miwili anapata haki zote ambazo angekuwa nazo kama hangeanza kwa kibarua. Mama Shiro alikuwa na miaka minne pale. Haki ya siku za ugonjwa alikuwa nayo siku zote, na hakuna aliyemwambia. Nilikuwa na wajibu wa kumwambia na sikufanya hivyo.

Njia ya pili ni advansi. Wengi huipenda kwa sababu pesa inarudi. Mfanyakazi anapokea elfu tano ya kumvusha wiki mbili, kisha anakatwa kwenye mshahara unaofuata. Shida yake huonekana mwezi wa pili: anarudi kazini dhaifu, mshahara umepungua, anaziba pengo kwa Fuliza, mkopo wa simu, na deni la dukani, na kikohozi kikirudi hakisemi tena. Advansi inafaa kwa dharura nyingine, karo au paa lililovuja. Kwa mgonjwa wa kuambukiza hainunui kile unachokihitaji, yaani ukweli wake asubuhi na mapema.

Njia ya tatu ni mfuko wa siku za kujitenga: siku 14 kwa malipo kamili, awe kibarua au wa kudumu, bila barua ya daktari kwa siku tatu za mwanzo. Hesabu yake haitishi kama inavyosikika. Siku 14 kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki ni siku 12 za malipo. Kwa shilingi 800 kwa siku, mtu mmoja ni shilingi 9,600. Wakiugua au kujitenga sita kwa mwezi mmoja, yaani mmoja kati ya kila kumi, ni shilingi 57,600. Zinatoka kwenye ile laki na nusu yako na zaidi ya nusu inabaki. Laini moja ya mashine ikisimama wiki moja kwa kukosa watu, utapoteza zaidi ya hapo.

Wapo watakaodanganya? Wapo. Kwetu, tulipoanza mfuko huo mwezi wa Julai baada ya mabishano marefu, wawili nilikuwa na hakika kwamba hawakuwa wagonjwa. Nikawalipa. Kumtuma msimamizi akabishe hodi Mukuru kuhakikisha nani anakohoa kungevunja imani ya wote kwa sababu ya wawili.

Nyumbani au kwa zamu

Tarehe 15 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta aliwataka waajiri wawaruhusu wanaoweza kufanyia kazi nyumbani wafanye hivyo. Neno ni "wanaoweza". Kiwandani hakuna aliyeweza isipokuwa mhasibu na mimi. Huko swali lilikuwa zamu, na kafyu ndiyo iliyoamua: ilipoanza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, zamu ya usiku ilikufa na ya mchana ikalazimika kumalizika mapema ili mtu awahi Pipeline au Kayole kabla ya saa moja, katika matatu za viti 14 zilizoruhusiwa kubeba abiria 8.

Ukilazimika kupanga zamu, gawa watu katika makundi mawili yasiyokutana kabisa, hata chakula cha mchana. Kundi moja likipata mgonjwa, lingine linaendelea. Kubadilisha watu ovyo kati ya makundi ili kujaza nafasi ni kuutembeza ugonjwa kiwanda kizima, hata kama ratiba ukutani inapendeza.

Kwa watu wa ofisi, kufanyia kazi nyumbani ni bora kwa usalama wala sitabishana hapo, lakini usidhani ni zawadi. Nyumbani kwa nani? Ofisini Upper Hill nilikuta simulizi za mwaka uliotangulia: dada mmoja wa huduma kwa wateja aliyekuwa akipokea simu ameketi kwenye ngazi za ploti huko Donholm, kwa sababu ndani ya bedsitter walikuwemo mume, watoto wawili na televisheni ya masomo. Shule zilifungwa Machi 2020, na isipokuwa madarasa machache yaliyorudi Oktoba, watoto walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Stima ikikatika, mteja alimlaumu yeye. Bando alinunua yeye. Saa mbili usiku bosi alikuwa bado anatuma ujumbe, kwa kuwa "si uko nyumbani?"

Kwa hiyo ukichagua nyumbani, sehemu ya akiba ya ofisi iende nyumbani pamoja na mfanyakazi: bando na tokeni za stima kila mwezi, kiti kinachofaa kama viti vya ofisi vimekaa bure, na saa ya mwisho ya ujumbe wa kazi iliyoandikwa. Muswada wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu ujumbe nje ya saa za kazi umewahi kupelekwa Seneti na Seneta Samson Cherargei. Wewe huhitaji kusubiri Seneti kuacha kumwandikia mtu usiku.

Na uwape nafasi wanaotaka kuja ofisini. Kwa wengine nyumbani si mahali pa amani. Sera inayomlazimisha kila mtu abaki kwake humfungia mtu kama huyo humo ndani na anayemuumiza. Wachache wenye sababu wapewe dawati, madirisha yafunguliwe, bila kuulizwa sana.

Pesa zikiisha: punguza mishahara, likizo bila malipo, au punguza watu

Hapa ndipo waajiri wema huharibu, kwa haraka. Tuchukue wale wale 60, kila mmoja akipata shilingi 20,000. Mishahara yote ni 1,200,000. Unahitaji kuokoa 240,000 kwa mwezi. Njia tatu zinafika hapo.

| | Kukata wote asilimia 20 | Likizo bila malipo kwa 12 | Kuwaachisha kazi 12 |
|---|---|---|---|
| Unachookoa kwa mwezi | 240,000 | 240,000 | 240,000 |
| Unachotoa kwanza | Hakuna | Hakuna | Takriban 692,000 za kiinua mgongo, na notisi |
| Sheria inataka | Mashauriano na maandishi | Makubaliano | Notisi ya mwezi, vigezo vya haki, siku 15 kwa kila mwaka |
| Anayeumia | Wote, wa chini zaidi | 12, kabisa | 12, kwa muda mrefu |

Ile 692,000 nimeihesabu kwa watu waliokaa miaka mitano: siku 15 mara tano ni siku 75, kwa shilingi 769 kwa siku ukigawa mshahara kwa siku 26. Ongeza notisi au mshahara wa mwezi badala yake, na utakuwa umetumia karibu akiba ya miezi minne kabla hujaokoa senti. Nairobi ilifungiwa kuingia na kutoka kuanzia tarehe 6 Aprili hadi 7 Julai 2020, miezi mitatu. Waliokimbilia kuachisha watu Aprili walimaliza kulipa wakati barabara zilipofunguliwa, kisha wakaanza kutafuta mafundi wapya. Kama una uhakika kwamba biashara haitarudi, achisha kwa heshima na ulipe. Kama unatarajia irudi, hesabu inakukataza.

Likizo bila malipo ndiyo iliyotumika sana mwaka ule, na naiona mbaya kuliko sifa zake. Sheria ya Ajira haikuiweka kama njia ya mwajiri kujiamulia; ni lazima mfanyakazi akubali. Na kukubali kwa mtu anayeogopa kufukuzwa si kukubali kwingi. Kuna jambo lingine lisiloonekana haraka: asiye na mshahara hana makato. Leo makato ya afya yanakwenda SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, asilimia 2.75 ya mshahara. Yakikoma, mtu hupoteza kinga ya matibabu wakati ule ule ugonjwa uko mtaani. Ukimpeleka mtu likizo ya namna hiyo, angalau endelea kumlipia SHA, na umpe tarehe ya kurudi iliyoandikwa. "Tutakupigia" si tarehe.

Kukata wote kunaonekana kuwa haki kwa kuwa ni sawa kwa wote, na hapo ndipo pana mtego. Asilimia 20 ya mshahara wa 20,000 inamwacha mtu na 16,000. Agizo la mishahara la 2024 liliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida Nairobi kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi kabla ya marupurupu ya nyumba. Umeshavunja sheria bila kukusudia. Kwa meneja wa laki moja na nusu, asilimia 20 ni gari kukaa nyumbani. Kwa mpakiaji ni watoto kula mara moja.

Kama ni lazima ukate, kata kwa ngazi. Anza na wewe mwenyewe, uwaonyeshe. Wa juu wapoteze asilimia kubwa, wa kati kidogo, wa chini wasiguswe. Huenda usifike 240,000 yote, na sehemu iliyobaki ukaijaza kwa kupunguza siku za kazi kwa makubaliano. Kifungu cha 10 kinataka mabadiliko ya masharti yajadiliwe na mfanyakazi na aarifiwe kwa maandishi. Itisheni mkutano uwanjani, fungua vitabu, taja muda: miezi mitatu, kisha tunakutana tena. Nimewahi kuona mkutano kama huo. Watu walinung'unika, wakauliza maswali makali, wakatia saini, na wakaongea vibaya juu ya mwajiri kwa wiki moja tu. Kwingineko, ambako barua ilikuja kwa WhatsApp saa nne usiku, bado wanaiongelea.

Ushauri nasaha: simu, chumba, au mwenzako

Julai 2020 jopo la serikali lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Sikuhitaji ripoti kulijua. Wanaume wazima walikuwa wanalia chooni. Lakini kati ya misaada yote tuliyotoa, ushauri ndio tuliouharibu zaidi, na kosa lilikuwa la chumba.

Kiwanda kilimleta mshauri mzuri, mama mwenye subira, kila Jumatano. Akawekwa kwenye chumba kilicho kati ya mhasibu na meneja. Kila aliyeingia alionekana, na kila aliyetoka aliulizwa, "Umeitwa ofisini? Kuna nini?" Katika wiki nane walikuja watatu. Ofisi ikasema watu hawahitaji ushauri. Nikaomba tujaribu kumhamishia kwenye ukumbi wa kanisa mwendo wa dakika kumi, Jumamosi mchana baada ya malipo, watu wakiwa njiani kurudi nyumbani. Jumamosi ya pili benchi la nje lilijaa.

Kwa hiyo kati ya simu na chumba, uliza kwanza: nani ataniona? Simu inashinda hapo, mradi mtu ana mahali pa kuongelea, na anayelala chumba kimoja na watu watano hana. Ukitaka kulipia laini ya ushauri kutoka kwa kampuni, usitie saini kabla hujapiga mwenyewe. Piga saa tatu usiku, Jumapili. Ongea Kiswahili. Ukisikia sauti ya mashine ikikutaka uchague lugha mara mbili, au ukiambiwa utapigiwa kesho, mfanyakazi wako atakuwa ameshakata. Na kumbuka kwamba nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya inapigwa bure. Iandike ukutani leo, kwenye mlango wa choo kwa ndani, ambako mtu anaweza kuinakili bila kuonekana.

Njia ya tatu, ya kuwafunza wafanyakazi wenyewe kusikiliza, ilikuwa haipewi heshima pale kwetu, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioidharau. Nilibadili mawazo. Kuna mbinu ya WHO iitwayo PM+, ya vikao vitano, inayofundishwa watu wasio na taaluma ya saikolojia. Ilijaribiwa hapa hapa Nairobi, Dagoretti, kwa wanawake waliopitia ukatili, wakihudumiwa na wahudumu wa afya wa jamii. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017 na yalionyesha kwamba dhiki yao ilipungua kuliko ya waliopata huduma ya kawaida. Kama mhudumu wa mtaa anaweza, mpakiaji anayeaminiwa anaweza pia kufunzwa. Usimchague msimamizi. Mchague yule ambaye watu humwendea hata sasa bila kuambiwa, mara nyingi ni mama wa jikoni au fundi mzee. Mlipe saa zake.

Lakini mwenzako ana mpaka. Akisikia mtu anataka kujiua, kazi yake ni kukaa naye na kumfikisha kwa mtaalamu, hospitalini Mathari au kwa mshauri wenu. Muda mrefu watu waliogopa hata kulitamka hilo kazini, na woga wao ulikuwa na msingi: kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya hadi Mahakama Kuu ilipotangaza Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba. Waambie wafanyakazi wako hivyo kwa sauti, kwenye mkutano. Wengi hawajasikia.

Nikilazimika kupanga: wasikilizaji waliofunzwa kwanza, mshauri wa nje ya lango mara moja kwa wiki, laini ya kulipia mwisho.

Nauli, msiba, na jina la mgonjwa

Kwa usafiri, basi la kukodi linafaa ikiwa watu wako wanatoka upande mmoja, tuseme wengi wanakaa Pipeline na Mukuru. Wakitoka pande nne, Rongai, Kawangware, Kayole na Githurai, wape nauli ya ziada mkononi. Basi litachelewesha nusu yao.

Msiba nao hauna siku zake katika Sheria ya Ajira, kwa hiyo utaamua wewe. Toa siku tano za malipo zisizokatwa kwenye zile 21 za likizo ya mwaka. Mwaka 2020 mazishi yaliwahi kuwekewa kikomo cha watu 15, na wengi walizika baba zao kupitia simu. Mtu wa namna hiyo akirudi Jumatatu, mpe kazi nyepesi, na mchango wa wenzake umfikie kimya kimya.

Jina la mgonjwa lisiingie kwenye kundi la WhatsApp. Taarifa za afya ni nyeti kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini hata kabla ya sheria, nilimwona kijana aliyepona akila peke yake wiki tatu chini ya mwembe kwa sababu msimamizi aliandika jina lake. Waliokaa karibu naye waambiwe faraghani: umekuwa karibu na mgonjwa, nenda nyumbani, utalipwa. Inatosha.

Ile laki na nusu

Mimi ningeigawa hivi: 60,000 mfuko wa siku za kujitenga, na kisichotumika kivuke mwezi unaofuata. 40,000 nauli. 30,000 mshauri na mafunzo ya wasikilizaji. 20,000 sabuni, barakoa na bando. Kama una watu wa ofisini tu, geuza nauli iwe bando na stima.

Na kabla ya yote hayo, chapisha kitabu kidogo cha stakabadhi pale mtaa wa River Road, ukiweke langoni kwa soja. Anayefika na homa apewe karatasi yenye jina lake, tarehe, nambari ya simu ya atakayempigia jioni kujua hali yake, na mstari mmoja: siku hii imehesabiwa, utalipwa tarehe fulani pamoja na wenzako. Soja atie saini. Nakala ibaki kitabuni, na mhasibu aipitie kila Ijumaa kabla ya kufunga bahasha za malipo.